Nimeulizia ATV ya bei nafuu ya mtu anayeanza, yule jamaa mnayemjua akaagiza niletewe TOROLI!

Mama_Mtindi (Nkoaranga, Arumeru)

Wakuu, nina hasira hapa nilipo mkono unatetemeka, mnisamehe herufi zikikimbia. Nimerudi kutoka mjini sasa hivi, chai imepoa mezani na siitaki.

Yule jamaa. Mnamjua. Wa ile yadi ya mapikipiki ya matairi manne, hizo ATV, mwenye kofia nyekundu ambayo nadhani hata kuoga anaoga nayo, anayeongea na mteja macho yakiwa kwenye simu. Simtaji. Kila aliyewahi kupita pale na hela zake za mawazo anamjua.

Nimeingia kwa adabu. Nimesalimia, nimesubiri amalize kuchekea simu. Nikamwambia kaka, sijawahi kuendesha ATV, natafuta ya bei nafuu ya mtu anayeanza. Nina ng'ombe wa maziwa huko juu, asubuhi nashusha madumu mpaka wanapokusanyia maziwa, jioni napandisha majani, na masika njia yetu inakuwa uji. Kwanza akaninyooshea kidole kwenye Raptor 700, ATV ya mbio, ati "kama una hela kweli chukua hiyo". Nikamuuliza dumu la maziwa nitalifunga wapi, kwenye taa? Haina hata reki! Ndipo nikamtajia bajeti yangu. Wakuu, ile hela sikuiokota barabarani. Ni ya maziwa, lita kwa lita, na ya ndama dume niliyemuuza Krismasi.

Jamaa akainua kichwa. Akanishusha kwa macho kuanzia kilemba hadi kwenye ndala. Kisha akamgeukia dogo anayeosha pikipiki, akapaza sauti kama yuko stendi: "Dogo, huyu mama mletee TOROLI!"

Toroli.

Na dogo AKALETA! Akaja analisukuma, tairi limepinda linalia kwi kwi kwi, ndani limegandia saruji ya tangu enzi za Mkoloni, akaliegesha mbele ya ndala zangu akasimama kusubiri maelekezo. Mlinzi akacheka. Mama wa chapati akacheka mpaka chapati ikaungua. Vijana waliokuwa wanapigia picha juu ya ile Raptor wakacheka. Kicheko kilitoka pale, kikapita Usa River, kikapita KIA, kikashuka Himo, nasikia Holili mpakani wamekisimamisha wanakiuliza pasipoti.

Angesema hela haitoshi ningemwelewa. Angesema mama ongeza kidogo, ningeongeza au ningejiondokea zangu. Lakini toroli?! Toroli ninalo nyumbani! Ndilo linalonivunja mgongo kila alfajiri, ndilo lililonishusha mjini kutafuta mashine! Mtu anakuja kukimbia toroli, unamletea toroli?

Sasa mniambie nyie wenye ubinadamu, mtu anayeanza, hela ya kawaida, kazi ni hiyo ya madumu na majani, achukue ipi? Na yule atakayeandika neno toroli hapa chini namripoti kwa wasimamizi.

#2 Chalii_wa_Sakina

Toroli lilikuwa bei gani lakini mama?

#3 Mama_Mtindi

Nimekuripoti.

#4 Meku_Kibosho

Pole sana mama. Huyo mtu mimi aliniuliza kama nimekuja na mzazi. Nina ndevu na watoto watatu.

#5 Dada_Njiro

Kumbe anawafanyia wengi! Mimi niliuliza kama kuna yenye gia ya kurudi nyuma akanijibu "dada, wewe nenda mbele tu". Nikamwangalia mpaka akajikohoza.

#6 Fundi_Plagi

Shikamoo mama. Nimecheka, nisamehe, ila swali lako ni la maana nami nalijibu.

Usichukue zile ndogo za cc 110 hata akikupunguzia nusu bei. Hizo ni za watoto, mtu mzima akikaa springi zinalala, ukiongeza dumu tumbo la injini linachimba barabara. Na Raptor 700 achana nayo, hizo ni cc 686 za kukimbilia, si za maziwa. Kazi yako inataka ATV ya kazi, cc 200 mpaka 250, reki mbele na nyuma, gia ya kurudi nyuma iwepo.

Ukibahatika kupata Honda Recon iliyotumika, TRX250, kamata. Jina linasema 250 ila injini ni cc 229, na hizo zinatosha kabisa kwa anayeanza. Ile ya TM ina gia tano za kupiga kwa mguu lakini haina klachi ya mkono, kwa hiyo haitakuzimikia kila ukisimama. Nyuma inasukumwa na shafti. Kwa tope la kwenu nakusihi shafti, cheni utaibadilisha mpaka uichukie.

Bajeti isipofika huko, za Kichina za 200 na 250 zipo. Nyingi zimewekwa injini iliyonakiliwa kwenye Honda CG, ndugu yake ndiyo inayosukuma pikipiki za toyo na guta za matairi matatu mji mzima, kwa hiyo plagi, kabureta na ringi za pistoni utazipata duka lolote la vipuri. Kinachosumbua ni mbele: bolijointi, bushi na beringi. Kabla ya kulipa, inyanyue mbele, shika gurudumu juu na chini ulisukume na kulivuta. Likicheza, ondoka. Na umuulize muuzaji, bolijointi ya hii nitaipata wapi kesho? Akijiumauma, ondoka vilevile.

#7 Chalii_wa_Sakina

Akijiumauma anaweza kuagiza kitu kingine kiletwe na dogo.

#8 Mama_Mtindi

Marahaba mwanangu Fundi, Mungu akubariki na mikono yako. Haya, wote mmeona? Mtu ametumia dakika mbili nimeelewa. Yule mwenye kofia dakika mbili zilimshinda, ila nguvu za kuita toroli alikuwa nazo! Na bado namwona yule dogo amesimama pale amelishika, ananitazama, anasubiri NILICHUKUE. Alidhani kweli nitalichukua!

#9 Fundi_Plagi

Mama, nilisahau la kuendesha, na hili ndilo linaloumiza wanaoanza. Hizi za bei nafuu ekseli ya nyuma haina difu, magurudumu yote mawili yanazunguka sawasawa. Ukikata kona umekaa wima itang'ang'ania kwenda moja kwa moja, ukilazimisha usukani kwa mwendo inakuinua upande. Toyo inalala yenyewe kwenye kona. Hii hailali, wewe ndiye unayelala: peleka mwili upande wa ndani wa kona, mguu wa nje ukandamize.

Mafuta unasukuma kwa kidole gumba. Wanaoanza wakishtuka wanabana kila kitu, gumba nalo linabana, mashine inaruka mbele. Kwa hiyo kama mashine ina kamba ya kuzimia injini, ifunge mkononi kila siku, hata kama unavuka tu uani. Nyingine zina skrubu pale kwenye gumba ya kupunguza mafuta, mwambie fundi akubanie mwezi wa kwanza.

Na madumu yajae mpaka mdomoni au yawe matupu. Dumu la nusu maziwa yanacheza, ukiwa unakata mteremko ubavuni yanakuvuta bondeni.

#10 Mama_Mtindi

Hili la dumu la nusu nalijua hata kwa kichwa na mgongo. Asante sana. Na wanangu wakitaka kupanda nyuma?

#11 Fundi_Plagi

Hapana mama. Kiti kinaonekana kirefu, lakini urefu ule ni wa wewe kusogea mbele ukipanda kilima na nyuma ukishuka. Kibandiko chake kinakataza abiria, na kinakataza aliye chini ya miaka 16 kuendesha. Majani ndiyo abiria wako.

#12 Mzee_wa_Mbauda

Vijana mnashangaa ya sasa. Sisi tulizikuta za matairi MATATU, moja mbele mawili nyuma, minene. Zilibiringisha watu mpaka Marekani zikaacha kuuzwa mpya mwaka 1988. Mama, akikuletea ya matatu, hata bure, kataa.

Ila mimi ningekushauri guta. Hela hiyohiyo unapata guta jipya, linabeba madumu yako, ya jirani na jirani mwenyewe.

#13 Meku_Kibosho

Mzee kwa heshima zote, guta Nkoaranga masika? Tairi moja la mbele likiingia kwenye mfereji mzigo wote unakaa juu yake. Tulisukuma guta la shemeji kutoka mtoni mpaka kanisani, watu wanatoka misa wanatukuta. Ukilipandisha kilima na mzigo nyuma, mbele linanyanyuka linatazama Kibo.

#14 Mzee_wa_Mbauda

Shemeji yako hajui kupakia. Mzigo unasogezwa mbele.

#15 Meku_Kibosho

Mzee, shemeji wangu kaanza kupakia kabla guta halijafika nchi hii.

#16 Mama_Mtindi

Jamani guta sitaki. Turudi kwa yule mtu. Je, kuna sehemu ya kupeleka malalamiko, au ndiyo mteja akitukanwa anaondoka na tusi lake?

#17 Pancha_Tengeru

Niongezee hapo kwa Fundi. Mama, ukishanunua usimwachie fundi pancha pampu ukaenda kunywa chai. ATV inataka upepo kidogo sana, nyingi ni psi 4 au 5, soma kibandiko. Mimi mwenyewe ni fundi pancha na nawajua wenzangu, watakujazia 30 kama ya toyo, inakuwa inadunda barabara nzima na usukani haushiki. Tairi lake likikaa sawa ukilibonyeza kwa goti linabonyea.

#18 Rau_Moshi

Mkimaliza na wauzaji tuongelee na mafundi maana ndio majambazi wakubwa. Nilinunua yangu Moshi inatembea vizuri kabisa, nikaipandisha Arusha ikaanza kutoa moshi mweusi, plagi inalowa masizi. Moshi tuko mita 800 na kitu, Arusha inafika 1,400, hewa inapungua mafuta yanabaki mengi. Ni kubadilisha jeti ya kabureta tu, kile kitundu kinachopitisha mafuta, kitu cha dakika. Fundi mmoja hapo Arusha akaniambia INJINI IMEKUFA. Akataka kuifungua. Nilipokataa akanirudishia mashine, nafika nyumbani naangalia, kabureta siyo yangu! Yangu ilikuwa inang'aa, hiyo ilikuwa na kutu na buibui. Buibui HAI, wakuu.

#19 Chalii_wa_Sakina

Buibui alikuwa ndiyo jeti.

#20 Fundi_Plagi

Mkuu Rau, usituchafue wote. Na mama kule Nkoaranga yuko mlimani, kwa hiyo la jeti alizingatie kama mashine yake inatumia kabureta.

#21 Rau_Moshi

Nawachafua wote mpaka kabureta yangu irudi. Moshi hakuna mambo hayo. Fundi wa Moshi akikosa spea anakwambia sina.

#22 Dada_Njiro

Moshi hakuna?? Fundi wa Majengo aliniazima jeki yangu mwenyewe, nikamlipa.

#23 Meku_Kibosho

Majengo usiiguse. Wewe ulipeleka gari siku ya pili ya Pasaka, ulitegemea nini?

#24 Mama_Mtindi

Wanangu, mimi niliulizia ATV na nikaletewa kile kitu. Naomba mtu mmoja tu aseme alichofanyiwa mama huyu si sawa.

#25 Pancha_Tengeru

Si sawa mama. Nenda na Fundi akusaidie kuangalia, ukanunulie kwingine.

#26 Sanya_Juu_Majani

Mama Mtindi, nimeona una ng'ombe. Majani unapandisha kila siku ya nini? Chukua marobota. Ninayo ya kutosha huku Sanya Juu, makavu, hayajanyeshewa. Nashusha mpaka Boma Ng'ombe.

#27 Mzee_wa_Mbauda

Wewe ndiye uliyeniuzia marobota mwezi wa tisa? Nilifungua moja ndani nikakuta miba, kandambili na udongo. Ng'ombe alinitazama mimi.

#28 Sanya_Juu_Majani

Si mimi mzee, mimi ya kwangu yanafungwa kamba ya bluu.

#29 Mzee_wa_Mbauda

Ilikuwa ya bluu.

#30 Dada_Njiro

Na siku hizi wanayafunga madogo, bei ileile. Robota la mwaka jana ulikuwa unalikumbatia mikono haikutani, la mwaka huu nimelibeba kwapani.

#31 Rau_Moshi

Nani ana namba ya wale wa West Kilimanjaro wanaouza kwa kupima kilo? Nipeni pembeni.

#32 Mama_Mtindi

Na mimi nipeni. Kwa kilo wanafanyaje, na usafiri juu ya nani?