Naomba ushauri: binti amechaguliwa vyuo viwili, udaktari wa binadamu chuo binafsi na udaktari wa mifugo SUA

Mlezi wa Singida

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu nyote. Ninaye binti wa marehemu kaka yangu, niliyemlea tangu akiwa darasa la tatu, na kwa mila zetu huyo ni mwanangu wa kumzaa. Amemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB na kupata daraja la pili la pointi 10, yaani Fizikia D, Kemia C na Baiolojia C. Aliomba vyuo vinne, na viwili vimemchagua kwa pamoja: chuo binafsi cha Dar es Salaam kimempa Shahada ya Udaktari wa Binadamu, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kimempa Shahada ya Udaktari wa Mifugo. Kozi zote mbili ni za miaka 5. Zimebaki siku tano za kuthibitisha chuo kimoja.

Mimi ni fundi seremala, na nina ekari sita za alizeti. Ada ya chuo binafsi ni shilingi 5,600,000 kwa mwaka bila malazi, wakati ile ya SUA haifiki milioni 2. Mkopo tumeomba, lakini majibu hayajatoka. Mama yangu mzazi hataki hata kusikia habari ya Morogoro, kwani anauliza inakuwaje mtoto asome miaka yote hiyo aje kuwachoma sindano ng'ombe. Binamu yangu naye anasema kwamba udaktari wa binadamu unahitaji pointi 6 tu, na binti akiwa na 10 amezidi mbali, hivyo ni kupoteza bahati kumpeleka kwingine. Kijana wa steshenari aliyetusaidia kutuma maombi anaomba 150,000 ili athibitishe yeye na "kusimamia" mkopo utoke wote. Naomba mnishauri kabla sijafanya kosa.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu mleta uzi, nianze na pointi, kwa sababu hapo ndipo wazazi wengi hupotea. Pointi 10 zilizo kwenye matokeo ya Baraza la Mitihani ni za kupanga madaraja, na huko pointi zikiwa chache ndiyo ufaulu mkubwa. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, huhesabu kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hesabu hiyo binti ana 3 na 3 na 2, jumla 8. Udaktari wa binadamu huhitaji pointi zisizopungua 6 katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, na kila somo lisiwe chini ya D. Kwa hiyo ana sifa kweli, ila si kwa ile sababu aliyoitoa binamu yako, na D yake ya Fizikia imesimama ukingoni kabisa.

Kuhusu kijana wa steshenari, usimpe hata shilingi. Mwombaji aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hupata namba maalumu ya uthibitisho, na kuithibitisha ni kazi ya dakika chache ambayo binti anaweza kuifanya mwenyewe kwenye akaunti yake ya maombi. Atakayekuwa na namba hiyo ndiye atakayemchagulia binti chuo. Wala hakuna mtu wa mtaani awezaye kusimamia mkopo wa Bodi ya Mikopo. Kama kijana huyo ndiye aliyefungua akaunti, mwambie binti abadilishe nywila leo.

Dada wa Wodini

Shikamoo baba. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya rufaa, na nitasema nililoliona kwa macho yangu. Udaktari haujifunzwi darasani peke yake, bali kitandani kwa mgonjwa, kwa hiyo kabla ya kuuliza majengo ya chuo yakoje, uliza wanafunzi wake wa mwaka wa tatu na kuendelea hupelekwa hospitali gani, na huwa wangapi kwa kikundi kimoja. Aliyeko hospitali kubwa kama Muhimbili, Bugando au KCMC anaamkia wodini kila siku. Vipo vyuo ambavyo havina hospitali yake, na wanafunzi wao huja kwetu kwa zamu wakiwa wamezunguka kitanda kimoja hadi yule wa nyuma hasikii mgonjwa anasema nini. Pigia simu ofisi ya udahili, uwaulize waziwazi, na wakijiumauma ujue jibu umelipata.

Jambo la pili limetuumiza nyumbani kwetu. Mdogo wangu wa kiume alisoma kozi ya afya katika chuo ambacho sitakitaja. Chuo kilikuwa na usajili halali, lakini ile kozi ilianza kufundishwa kabla ya idhini yake kukamilika, na alipohitimu hakuweza kusajiliwa na baraza la taaluma yake. Alikaa nyumbani miaka miwili akiwa na cheti mkononi. Ndiyo maana nawaambia watu wasiishie kuuliza kama chuo kimesajiliwa. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huu, utafute jina la kozi yenyewe chini ya jina la chuo hicho, kisha uliulize Baraza la Madaktari kama wahitimu wake husajiliwa.

Bado Nalipa

Mzee wangu, chukua kalamu. 5,600,000 mara 5 ni milioni 28, na hapo hujagusa chumba, ambacho wenye nyumba wa Dar es Salaam hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Baada ya shahada kuna mwaka mmoja wa utarajali, yaani mafunzo ya kazini hospitalini, kabla ya usajili kamili. Bodi ya Mikopo hutoa kiasi kulingana na tathmini ya uhitaji, kwa hiyo inawezekana kabisa ukapata sehemu tu ya ada na ukaachiwa salio zito. Swali la kujiuliza si kama mwaka wa kwanza utauweza, maana mwaka wa kwanza hata ukoo huchanga. Jiulize mwaka wa nne utalipa kwa fedha ipi, ikiwa alizeti itashuka bei.

Kwa kuwa baba yake ni marehemu, hakikisheni cheti cha kifo kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, pamoja na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu uyatima huzingatiwa katika tathmini hiyo. Fedha za kujikimu, ambazo wanachuo huziita bumu, aghalabu huchelewa kwa wanaoanza mwaka wa kwanza, hivyo aende na akiba ya wiki kadhaa. Na mkopo ni deni: mimi nakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi.

Mzazi Mwenzio

Naona wote mnamvuta upande mmoja. Mimi niliuza kiwanja nikamsomesha mwanangu udaktari chuo binafsi, sasa ni daktari na sijutii. Kiwanja kinarudi, nafasi hairudi.

Mfugaji Msomi

Nimesoma SUA na nafanya kazi Simiyu. Kwa heshima zote, bibi amekosea kidogo, kwa maana daktari wa mifugo ndiye anayekagua nyama machinjioni kabla haijafika kwenye sufuria yake, na wenzangu wengine wako kwenye maabara za veterinari na kwenye hifadhi za wanyamapori. Tunasajiliwa na Baraza la Veterinari kama wale wa hospitali wanavyosajiliwa na baraza lao. Hata hivyo sitakudanganya kuhusu ajira: nafasi za serikali ni chache kuliko wahitimu, na wapo tuliohitimu nao ambao leo wana maduka ya dawa za mifugo. Hawalii njaa, lakini si kazi waliyoiota.

Mwanachuo

Samahani wakubwa zangu. Tumesikia bibi, binamu na hata kijana wa steshenari. Binti mwenyewe anasemaje?

Mlezi wa Singida

Swali la mwisho limenifedhehesha, kwa sababu ni kweli sikuwa nimemuuliza. Jana usiku nilimwita, nikamsomea majibu yenu yote. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema kwamba udaktari wa binadamu aliuweka wa kwanza kwa kuwa mimi nimekuwa nikimwita "dokta" mbele za watu tangu kidato cha pili, na akaona haya kuniangusha. Hakusema haupendi. Alisema angeupenda zaidi kama asingekuwa na hofu ya kufukuzwa kwenye mitihani kwa kudaiwa ada.

Leo asubuhi tulipiga simu chuo binafsi tukauliza habari ya hospitali, tukahamishiwa kwa watu watatu, na wa tatu akatuambia tufike ofisini. Binti amebadilisha nywila na kuthibitisha SUA kwa mkono wake. Ndugu Mzazi Mwenzio, sipuuzi ulichokifanya, ila mimi kiwanja nilichonacho ndicho tunachoishi. Mama yangu bado amenuna. Ndugu Mfugaji Msomi, naomba unieleze jambo moja: chumba cha ndani ya kampasi huombwa kabla ya kuripoti, au hadi afike Morogoro?