Tumestaafu na tunasafiri kwa gari la kulala: tuzifaidi vipi sherehe na vyakula vya wenyeji?

Muulizaji

Ndugu wanajukwaa, mimi na mke wangu tumestaafu, na sasa tunasafiri kwa gari lenye kitanda, jiko, jokofu na choo. Kilichotutoa nyumbani ni hamu ya kula wanachokula wenyeji na kuketi nao katika sherehe zao, lakini hapo ndipo tunapovutana. Mwenzangu angependa tufuate kila ngoma inayosikika na kuonja kila chungu kinachofunuliwa, ilhali mimi ninatumia dawa za presha, ninalala mapema, na gari letu halipiti katika vichochoro vya miji ya zamani, ambako sherehe nyingi hufanyika. Jokofu nalo linajaa vyakula tunavyofungashiwa na wenyeji wakarimu, na kukataa tunaona haya. Je, safari tuipange vipi, na vyakula hivyo tuvifanyeje?

Dereva Mstaafu

Mzee mwenzangu, anza na kalenda kabla ya ramani. Sherehe nyingi hufuata mavuno au mwandamo wa mwezi, kwa hiyo tarehe ya mwaka jana haikusaidii. Za Kiislamu, kwa mfano, hutangulia kwa takribani siku 11 kila mwaka. Ukishaipata tarehe, fika mapema kabla barabara hazijafungwa, omba ruhusa kwa mwenye eneo, kisha egesha nje ya mji, gari likiwa limeelekea njia ya kutokea, na mwingie kwa miguu au kwa basi. Kimo na upana wa gari viandikwe karibu na usukani, kwa sababu daraja la chini halimsubiri mtu akumbuke.

Kuna jambo ambalo wageni wengi hulikosa. Siku ya maandalizi, watu wanapochinja, wanapochambua na kupika mahali pa wazi, huwa na ladha kuliko sherehe yenyewe, kwa maana wapishi wana nafasi ya kuzungumza, wazee hupewa viti, na mama akijitolea kumenya viungo atajifunza mapishi ambayo asingefundishwa katikati ya msongamano. Mkienda siku hiyo na asubuhi ya sherehe, usiku mnaweza kuwaachia vijana.

Muuguzi Mstaafu

Nakubaliana na aliyetangulia, ila mimi nina hofu na hilo jokofu. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2, kihifadhiwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, na kinapopashwa kiwe moto kabisa, angalau nyuzi 70. Chakula cha sherehe huenda kilikaa wazi tangu asubuhi kabla ya kufungashwa, na mwili wa mzee haupambani na vijidudu kama wa kijana.

Kuhusu presha, shirika hilohilo linapendekeza chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na vyakula vilivyokaushwa au kusindikwa kwa chumvi vinaweza kumfikisha mtu hapo kwa mlo mmoja. Onja kidogo, mchuzi uuache. Muulize pia daktari wako kuhusu balungi, ambalo huongeza nguvu ya baadhi ya dawa za presha na za kolesteroli. Maji mnywe hata bila kiu, kwa kuwa hisia ya kiu hupungua kadiri umri unavyosonga.

Fundi wa Magari

Shikamooni wazee wangu. Kama jokofu lenu ni lile linaloweza kutumia gesi, lazima gari lisimame mahali tambarare, kwa sababu vimiminika vyake huzunguka kwa mvutano wa dunia, bila pampu, na likiinama sana halipoozi vizuri. Wekeni kipimajoto ndani yake. Tena, jiko la mkaa lisiingizwe garini hata kama mvua inanyesha: hewa yake yenye sumu haina rangi wala harufu.

Mama wa Safari

Da Muuguzi, nakuheshimu, lakini ukimfunza mgeni kuogopa kila sahani atarudi nyumbani bila kuonja lolote. Dawa ya kufungashiwa ni kula palepale, chakula kikiwa bado cha moto, na sahani iwe moja kwa watu wawili. Wenyeji hawahesabu matonge. Wanachotazama ni kama umeketi. Kilichobaki, mpeni jirani wa maegesho siku hiyohiyo.

Muulizaji

Marahaba, mwanangu Fundi. Nanyi wengine asanteni sana. Hoja ya siku ya maandalizi imetupatanisha. Mke wangu anauliza: je, ngoma za usiku ndiyo basi tena?

Mama wa Safari

Hapana, dada yangu. Mzee alale mchana ili jioni awe na nguvu, nawe ukubaliane naye saa ya kuondoka kabla hamjatoka garini. Kaeni pembeni, mbali na spika, na mbebe tochi, maana njia ya maegeshoni mara nyingi haina taa. Dawa zake za usiku ziwe mkobani mwako, zisibaki garini, kwa sababu ngoma ikinoga hiyo saa mtaisahau wote wawili.