Mjadala: Tunamtoa mtoto shule tumfundishe nyumbani. Tuanzie wapi?

MamaWawili
Habari zenu. Kijana wangu ana miaka 8, na mimi na mwenzangu tumeamua kumtoa shule. Sheria ya tunakoishi inaruhusu, mradi tutoe taarifa kwa wakuu wa elimu. Waliotangulia mlianzaje? Ninunue mtaala mzima, au nianze na kusoma na hesabu tu? Kilichonisukuma ni daftari lake. 52 − 27 ameandika 35. 41 − 18 ameandika 37. Kurasa nzima wino mwekundu, na hakuna aliyemuuliza amefikaje hapo. Nilipokaa naye nikaona anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, haijalishi ipi iko juu.

ChakiNyeupe
"Hakuna aliyemuuliza." Dada, nina watoto zaidi ya sitini darasani. Kosa hilo nalijua kabla mtoto hajashika kalamu: hajaelewa kukopa kwenye makumi. Ukiwa na daftari moja la kusahihisha, hekima inakuja yenyewe. Kazi hii tumeisomea, tukafanya mazoezi ya kufundisha tukiangaliwa, halafu tunaambiwa hatuulizi.

MsemaKweli
Mwalimu, umejibu palipokuuma, si alichouliza. Na umemsaidia hoja: kama wako zaidi ya sitini, mtoto wake atafikiwa lini?

ChakiNyeupe
Basi pambaneni darasa lipungue, msikimbie! Kila mzazi mwenye sauti akiondoa wake, wanaobaki watasemewa na nani? Ujerumani wamekataza kabisa, na si wajinga.

MsemaKweli
Ujerumani? Hiyo si sheria ya Hitler? Unatuletea mfano huo mchana kweupe?

Maktaba
Tusichanganye. Katiba ya Weimar ya 1919 ilishaweka shule kuwa lazima, Hitler hajashika nchi. Sheria ya 1938 ilikuja kukaza. Mwaka 2006 familia moja ya huko ilifika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ombi lao likakataliwa. Upande wa pili, Marekani inaruhusiwa majimbo yote. Na Azimio la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 26, linawapa wazazi haki ya kwanza kuchagua aina ya elimu ya watoto wao. Kifungu hichohicho kinasema elimu ya msingi ni lazima. Kwa hiyo kila upande una la kushika.

Upendo_T
Mimi nimekwama kwenye "tumeamua". Mnaamua wawili, anayeacha kazi mmoja, na wote tunajua ni nani. Miaka kumi baadaye mtoto yuko chuo, mama hana kipato wala akiba ya uzeeni. Hilo halimo kwenye mtaala wowote.

BabaTunu
Naona nimetukanwa bila kutajwa. Kwetu anayefundisha ni mimi. Nafanya kazi usiku, asubuhi niko mezani na binti yangu. Usitupake wanaume wote rangi moja.

Upendo_T
Kaka, hongera, kwa moyo wangu wote. Lakini wewe mmoja hufuti ninachokiona kila siku. Nimeuliza swali la haki, wewe umeleta ratiba yako.

BabaTunu
Umeuliza au umehukumu? Soma tena ulichoandika.

MsemaKweli
Na hao wanaolipia watu wengine wawalelee watoto kutwa, mbona hatuwaulizi?

Upendo_T
Hapo sasa unanitafuta mimi.

Tulizana
Jamani, mtu ameuliza pa kuanzia. MamaWawili, nimefundisha wangu watatu nyumbani, wawili wameshamaliza. Usinunue mtaala mzima sasa. Utaufukuzia kurasa mpaka mtoto na wewe mchukiane. Akitoka shule mpe wiki kadhaa apumue: msomee kwa sauti, apike nawe, apime, ahesabu. Kisha kusoma, kuandika na hesabu kila siku. Kwa umri wake saa mbili hadi tatu zinatosha, maana hakuna kusubiri wenzake wanyamaze. Weka daftari lenye tarehe la kila mlichofanya, mkaguzi akija usitafute maneno. Na mapema kabisa ulizia mitihani: kituo gani kinapokea mtahiniwa wa kujitegemea, na masomo ya sayansi yenye vitendo atayafanyia wapi. Wengi hukwama hapo, mtoto keshakuwa mkubwa.

BabaTunu
Hilo la maabara ni kweli tupu. Mimi linaninyima usingizi.

Upendo_T
Tulizana, na wewe uliacha kazi?

Tulizana
Niliacha. Nilikubali, na iliniuma. Vyote viwili.

MamaWawili
Ahsante Tulizana. Upendo, kazi siachi, tumegawana: yeye asubuhi, mimi jioni. Kama haitawezekana tutarudi kuzungumza. Mwalimu, sikukulenga wewe.

ChakiNyeupe
Uliandika "hakuna", na mimi nimo humo. Lakini mtoto hana kosa. Mpe njiti, afunge mafungu ya kumi kumi. 52 ni mafungu matano na njiti mbili. Mwambie akupe njiti saba. Atatazama zile mbili, hazitoshi, atafungua fungu mwenyewe bila kuambiwa. Karatasi ije baadaye. Ila lile neno lifute.

MamaWawili
Njiti tunaanza kesho asubuhi. Neno silifuti, mwalimu. Daftari ninalo hapa.