Wastani wa kasi na wa velositi: tumekosea wapi?

Mzazi wa Kidato cha Pili
Habari zenu, walimu. Mwanangu aliulizwa hivi: mwendesha baiskeli anapanda mlima kilomita 12 kwa kasi ya kilomita 10 kwa saa, kisha anarudi kwa njia ileile hadi alikoanzia kwa kilomita 30 kwa saa, wastani wa kasi ni upi, na wa velositi je? Nilimsaidia tukajumlisha 10 na 30, tukagawa kwa mbili, na hiyo 20 tukaiandika kote kuwili. Daftari limerudi na makosa mawili mekundu.

Mwalimu wa Fizikia
Kosa lenu ni la kawaida mno, mzazi mwenzangu. Wastani wa kasi ni umbali wote uliosafiriwa kugawanywa kwa muda wote uliotumika, wala si wastani wa kasi zenyewe. Kupanda kulichukua saa 1.2, kushuka saa 0.4, jumla ni saa 1.6, na kilomita 24 ukizigawa kwa 1.6 unapata kilomita 15 kwa saa. Jibu limeegemea upande wa 10 kwa sababu huko mlimani ndiko alikotumia robo tatu ya muda wake. Njia yenu ingefaa endapo angetumia muda sawa katika kila kasi.

Velositi haiulizi ulipita wapi. Huangalia mstari ulionyooka kutoka ulipoanza hadi ulipoishia, pamoja na mwelekeo wake. Huyu amerudi palepale, kwa hiyo wastani wake ni sifuri.

Mzazi wa Kidato cha Pili
Ahsante, mwalimu. Hilo la kasi limeniingia, ila iweje mtu atoke jasho zaidi ya saa nzima na nusu, halafu aambiwe ni sifuri?

Mkimbiaji Mstaafu
Mzazi, mtazame David Rudisha kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Mita 800 alizimaliza kwa sekunde 100.91, rekodi ya dunia, yaani wastani wa kasi wa takriban mita 7.93 kwa sekunde. Mzunguko wa kwanza ulimchukua sekunde 49.28 na wa pili 51.63, na kwa kuwa muda wa mizunguko hiyo unakaribiana, hata njia yenu yenye kosa ingetoa jibu lilelile karibu kabisa. Ndiyo maana kosa hilo hujificha. Sifuri ya velositi haimnyimi medali yake, kwani haipimi juhudi.

Mwalimu wa Fizikia
Mfano mzuri, ila niongeze jambo moja. Katika mita 800 wakimbiaji wa njia za nje huanzia mbele kidogo, kwa sababu kona ya kwanza kila mmoja huikimbia katika njia yake, ilhali wote humalizia kwenye mstari mmoja. Kwa hiyo wa njia ya nane velositi yake ya wastani si sifuri kamili: ni ndogo sana, na mwelekeo wake ni nyuma ya alikoanzia.