Boxer 125 au TVS HLX 125, ya kwendea kazini tu?

Wakuu habari, nakaa Mbezi kazi ipo Kariakoo, daladala zimenichosha. Nataka pikipiki ya kwenda na kurudi, sio ya boda. Ipi haili mafuta?

— Mkuu kwa cc 125 zote zinabana mafuta tu, ukiona inakunywa sana cheki kabureta na upepo wa tairi kwanza. Spea zote Kariakoo zipo. Nenda kaikalie, foleni ya Ubungo kama miguu inagusa chini kwa vidole utaichukia.

— Usichukue mtumba uliopiga boda aisee! Mimi nilinunua mmoja tanki linang'aa, rangi mpya, wiki ya pili naona moshi wa bluu nyuma, fundi kufungua ringi za pistoni zimekwisha, hela niliyookoa yote ikaishia kwenye injini. Piga kiki mwenyewe ikiwa ya baridi, ukifika ukakuta muuzaji ameshaiwasha jiulize kwanini.

— Kumbe! Basi nachukua mpya, oili je?

— Fuata kitabu chake, ila kwa foleni zetu usipitilize muda wa kubadilisha oili. Cheni ipake mafuta ikinyeshewa. Na helmeti nunua ya maana, sio zile za boda kamba haifungi.