Naombeni ushauri: ICU au afya ya akili? Fomu inafungwa Ijumaa

Zamu_ya_Usiku (mleta uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya uuguzi. Tumepewa fomu ya kuchagua eneo la kubobea, na atakayepata nafasi analipiwa masomo. Nimebaki na mawili, ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) au afya ya akili. Usingizi umekata kabisa. ICU alama zangu ziko juu na mazoezi niliyapenda. Afya ya akili sijui hata kwa nini hainitoki kichwani. Wenye uzoefu, ipi ina mustakabali mzuri? Naomba msinikejeli.

Dripu_Tatu
ICU. Ukitoka pale hakuna wodi itakayokutisha. Afya ya akili utasahau hata kuweka kanula (kale kamrija ka kwenye mshipa).

Mkunga_Alfajiri
Mbona leba hamuitaji? Mimi niliingia chuo nikitaka watoto. Kilichonibadilisha ni mkunga aliyenisimamia mazoezini. Kichwa cha mtoto kilipoanza kutoka, aliweka mkono wake juu ya wangu akasema, "Usivute. Kizuie tu kisitoke kwa kasi." Mpaka leo nafanya vilevile. Ningeangukia kwa msimamizi wa kufokafoka, leo hii leba ningekuwa naikimbia.

Kanzu_ya_Kijani
Nenda chumba cha upasuaji. Mgonjwa kalala, ndugu wako nje, wa kukupigia kelele ni daktari peke yake.

Matroni_Mstaafu
Mwanangu, mustakabali tutauzungumza baadaye. Kwanza niambie, kila wodi ulikaa kwa muda gani na nani alikufundisha? Na hiyo fomu sasa hivi iko wapi?

Zamu_ya_Usiku
Shikamoo mama. ICU tulikaa karibu muhula mzima, kila mwanafunzi na muuguzi wake. Wangu alikuwa ananiuliza "unaona nini?" kabla sijagusa mashine. Afya ya akili ilikuwa siku chache tu. Tulisimama ukutani, tukapanga mafaili, tukaonywa tusikae na mgonjwa peke yetu, basi.

Matroni_Mstaafu
Marahaba. Fomu hujanijibu.

Zamu_ya_Usiku
Nimeshaijaza, ICU. Mhadhiri anayesimamia tasnifu yangu ameshatia saini. Lakini sijaiwasilisha. Aliniambia mbele ya wenzangu kwamba nina akili nyingi mno, nisiende kuzipoteza kwa wagonjwa wa akili. Naomba mnielewe, ni mtu aliyenisaidia sana na hakunilazimisha. ICU naipenda kwa moyo wangu.

Sindano_Butu
Kumbe ulishaamua, unatafuta wa kukupigia makofi. Uuguzi ni wito, dada. Anayehesabu mustakabali kabla ya mgonjwa bora akafanye biashara.

Zamu_ya_Usiku
Wito haulipi ada, kaka. Sijaona ubaya wa kufikiria maisha yangu.

Kitabu_na_Stetoskopu
Wito tuuache kidogo. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha mpangilio uleule: wanafunzi wa uuguzi wanakimbilia watoto, leba, dharura na ICU, halafu wazee na afya ya akili wanaachwa mwishoni. Wengi wanaingia chuo na hofu zao, na chuo kinaweza kuzipunguza au kuzizidisha. Ukipewa muda wa kutosha wodini na msimamizi anayekushirikisha, hofu inapungua. Ukisimamishwa ukutani inakua. Mtaala unaweza kuandika kwamba wodi zote ni sawa, lakini mwanafunzi anahesabu saa alizopewa na kusikiliza mwalimu anasema nini akiwa hasomi slaidi.

Hata mfumo wenyewe unaamua. Uingereza mtu anachagua fani tangu anaomba chuo: watu wazima, watoto, afya ya akili, au ulemavu wa kujifunza. Kwingine unasoma uuguzi wa jumla kwanza, kwa hiyo ile wodi uliyopitia mbiombio ndiyo unayoihukumu. Mleta uzi analinganisha muhula na siku chache. Huo si ulinganisho.

Matroni_Mstaafu
Umenena vyema. Na Dripu_Tatu, mwanangu, nani kakudanganya kwamba wodi ya akili haina mwili? Mgonjwa aliye kwenye clozapine, dawa ya ugonjwa wa akili, akikwambia koo linauma na ana homa, damu inapimwa siku hiyohiyo, maana chembe nyeupe zinaweza kuwa zimeshuka vibaya. Asipopata choo usipuuze, utumbo unaweza kuziba akafa. Wa lithium, nayo ni dawa ya huko huko, unafuatilia kiwango cha dawa kwenye damu, figo na tezi ya shingo. Huyo mhadhiri aje anionyeshe akili zinapotea wapi hapo.

Hildegard Peplau, muuguzi wa Marekani, alibobea huko huko kwa wagonjwa wa akili. Kazi yake ya mwaka 1952 kuhusu uhusiano wa muuguzi na mgonjwa inafundishwa hadi leo kwa wauguzi wa kila fani, wa ICU wakiwemo.

Mpima_Chai
Samahani wakuu, mimi nimenusa chai. Someni mtiririko: msimamizi mzuri upande huu, mbaya upande ule, mhadhiri katikati. Imenyooka kama dodoso. Huyu si mwanafunzi, ni mtafiti anakusanya majibu yetu bure. Kama ulikaa ICU kweli, kumnyonya mgonjwa makohozi kwenye mrija ni sekunde ngapi?

Zamu_ya_Usiku
Hazizidi 15, na oksijeni unampa kwanza. Jicho kwenye mapigo ya moyo, yakishuka unaacha.

Mpima_Chai
Hilo lipo mtandaoni. Tueleze kitu cha wodi ya akili ambacho hakipo mtandaoni.

Dripu_Tatu
Mwacheni bwana, hata kama ni mtafiti swali linabaki palepale.

Zamu_ya_Usiku
Kulikuwa na mama mmoja, fundi cherehani. Kila asubuhi alificha kidonge chini ya ulimi. Muuguzi anamkagua mdomo, wanagombana, yameisha, kesho tena. Siku moja nikachuchumaa pembeni yake nikamuuliza kwa nini hakitaki. Akanyoosha mikono niione. Ilikuwa inatetemeka, na kidole gumba kilikuwa kinasugua cha shahada chenyewe. Akasema, "Nikitoka hapa nitatunga uzi kwenye sindano kwa mikono hii?" Nikaandika kwenye faili, nikamwambia na daktari, dawa ikabadilishwa. Muuguzi wa zamu akanigombeza kwa kukaa karibu na mgonjwa. Huyo mama ndiye hanitoki kichwani. Mhadhiri sijamsimulia.

Mpima_Chai
Sawa. Kwa leo nanyamaza.

Mkunga_Alfajiri
Hili ulipaswa kuliandika juu kabisa badala ya mambo ya mustakabali.

Monita_Haizimwi
Niko ICU miaka mingi, niseme kitu. Wagonjwa wetu wengi, hasa wa mashine ya kupumulia, wanachanganyikiwa. Anaona wadudu darini, anang'oa mirija, anaamini tunataka kumuua. Usiku wa namna hiyo namtaka muuguzi anayejua kuchuchumaa na kuuliza, wala wengi hawajui kwa sababu hawakufundishwa. Kwa hiyo ukija kwetu hutapoteza ulichonacho. Ila usije kwa sababu ya saini ya mtu.

Zamu_ya_Usiku
Nikibadilisha sasa, tasnifu yangu iko mikononi mwake. Hilo mnalipima vipi?

Matroni_Mstaafu
Ni la kupimwa, silidharau. Mwombe faragha, mweleze habari ya huyo mama kama ulivyotueleza sisi. Akikunja uso, ofisi ya mafunzo ipo na kubadili chaguo ni haki yako mpaka Ijumaa. Lakini kabla hujamwona, omba ruhusa uingie wodi nyingine ya afya ya akili, si ile ya kwanza, kwa zamu moja. Fika mapema uwahi makabidhiano ya zamu. Sikiliza wauguzi wanavyowataja wagonjwa: kwa majina yao na wanachotaka, au kwa namba ya kitanda na usumbufu wao. Hapo utajua kama ni mahali pa kujifunzia kazi.

Zamu_ya_Usiku
Kesho asubuhi naenda kuomba ruhusa. Ahsante mama.