Kalipwa dhahabu yangu, pete kampa shemeji yake, halafu ananambia "nenda karipoti, utafungiwa weye kwanza"

Jambia60
Nnaandika hapa mikono inanitetemeka, saa saba na nusu usiku, sijalala na silali. Yule bwana mnamjua nyote, sina haja ya kumtaja, yule anayeongoza redi za usiku, yaani mavamizi ya pamoja kwenye gemu, mwenye jogoo anawika nyuma ya maiki hata saa nne, basi huyo huyo leo kanifanya mie mjinga mbele ya watu 40.

Molten Core, pango la bosi Ragnaros, kwenye zile seva za miaka 20 za World of Warcraft. Tumeitwa kwenye "karamu", na karamu kila mtu anajua maana yake, kwani neno lenyewe mnada ukiliandika kwenye chati siku hizi unajitafutia balaa. Tumepiga mpaka Ragnaros kalala, pingi yangu, yaani kuchelewa kwa mtandao, inacheza mia mbili na ushei, bando linakaribia kukata, nimekaa kwa dua tu. Akadondosha Band of Accuria. Wanaojua wanajua, pete ile sisi tunaocheza darasa la mwizi na wale wawindaji tunaililia, wepesi 16 na ile asilimia 2 ya kutokosa pigo. Mnada ukafunguliwa. Mia nane, elfu, elfu na mia mbili, mtu akatia 1,400, mie nikatia 1,450. Kimya. Moja, mbili, tatu, imekwenda. Kasema IMEKWENDA kwa mdomo wake, watu 40 tumesikia, na jogoo naye kasikia.

Nikamfungulia dirisha la kubadilishana nikaweka 1,450 zangu zote, likawa kijani upande wangu, likawa kijani upande wake, nikabonyeza. Nikasubiri pete. Pete kampa shemeji yake!! Shemeji ambaye redi nzima alikuwa maiti, kalala chini tangu bosi wa pili kama papa aliyetupwa kwenye sakafu ya mnada Darajani. Nikamuuliza mkuu vipi, mbona hivi, akanijibu taratibu kabisa kama mtu anayekunywa chai: "Nenda karipoti, utafungiwa weye kwanza." Halafu akanitoa redini, nikajikuta nimesimama nje ya mlango peke yangu.

Utafungiwa weye kwanza. Mie! Niliyelipa!

Nimepiga kelele mpaka mama kaja kugonga mlango anauliza nani kafa.

mla_urojo
Pole yakhe. Lakini hebu nielewe vizuri, weye unacheza darasa la mwizi? Yaani mwizi kaibiwa?? 😂😂😂

kibatari_cha_kale
Hapo ndo nimecheka mpaka nimemwaga chai. Mwizi wa leveli 60 kachomolewa mfukoni

Jambia60
Chekeni tu. Dhahabu ile nimeichuma miezi, maua asubuhi, samaki mchana, usiku najikunyata kwenye mapango ya Blackrock Depths nachomoa mifuko ya wale vibeti weusi senti kwa senti. Sijanunua hata sarafu moja kwa mtu. Farasi wa kasi anataka karibu elfu moja na sijamnunua mpaka leo, natembea na huyu wa polepole watu wananipita kama mwendesha baiskeli kwenye njia ya Bububu, nimejinyima yote kwa ajili ya pete. Halafu mtu aniambie UTAFUNGIWA WEYE KWANZA

nahodha_bila_tanga
Mwanangu pole lakini kasema kweli. Mnada wa namna hiyo umepigwa marufuku tangu Season of Discovery, zile seva za msimu za gemu hii hii, ilipoingia awamu ya pili, Februari 2024, na seva hizi zako zilipofunguliwa Novemba 2024 marufuku ilikuwepo siku ya kwanza. Na si yule anayeuza peke yake, mnunuzi naye yumo. Sababu unaijua, boti, yaani programu zinazojichezea zenyewe, zinachuma usiku na mchana, dhahabu yake inauzwa kwa pesa za kweli, halafu inakuja kumwagwa kwenye minada hiyo hiyo. Weye 1,450 zako umechuma samaki, yule aliyetia 1,400 una hakika hakutoa kadi ya benki?

Jambia60
Sasa mbona boti bado zipo? Nenda Winterspring humo gemuni sasa hivi ukaangalie, wawindaji kumi wana majina kama mtu kakanyaga kibodi na wote wana dubu mmoja. Hao hawajafungiwa. Mie ndo nifungiwe! Seva za 2019 mnada ulikuwa wazi, dalali alikuwa anaandika masharti kwenye chati kabla hamjaingia, na vyungu vya dhahabu ya mnada vilikuwa vinagawiwa kwa wote, hata aliyekosa kitu anaondoka na chake. Akikudhulumu una skrinishoti unapeleka. Leo nina skrinishoti kumi na moja na zote zinanishitaki mie mwenyewe. Hii marufuku imemfunika mwizi shuka, imenivua nguo mie.

Na bado ile sauti. Utafungiwa weye kwanza. Hata hakupandisha sauti.

dalali_mstaafu
Mie kinachonikera ni kingine. Kwenye ile gemu kubwa yenyewe, World of Warcraft ya kisasa, tangu 2015 unanunua tokeni kwa pesa zako, unaiuza, unapata dhahabu, na ni halali. Wakiuza wao Blizzard wenye gemu biashara, tukiuzana siye haramu. Na kwenye Diablo III, gemu yao nyingine, waliweka kabisa soko la kuuza vitu kwa pesa za kweli, wakaja kulifunga wenyewe Machi 2014 kwa kuwa watu waliacha kuua mashetani wakawa wafanyabiashara.

nahodha_bila_tanga
Si ndo hapo sasa, walishaona mwisho wake. Zamani kwenye EverQuest, gemu ya kabla ya hii, watu walipewa pointi za kuua madragoni, unahudhuria, unapata pointi, unanunua kitu kwa pointi. Dhahabu haikuingia. Ilipoingia dhahabu ndo yakaja haya.

Bi_Hasira
Na pointi nazo zina ufisadi wake! Gildi yangu, yaani chama chetu cha wachezaji, mie nilihudhuria wiki tisa mfululizo, kofia ikaenda kwa mke wa kiongozi, kaja siku moja. SIKU MOJA

mwana_wa_wete
Nyie watu wa mjini mnashangaa nini, haya siye Pemba tumeyaona zamani. Karafuu mnunuzi ni shirika la serikali tu, ukiuza pengine ni magendo. Babu yangu alitoa magunia manne usiku kwa mtu wa ngalawa, mtu akasema nalipa nikirudi kutoka ng'ambo. Hajarudi. Babu aende polisi aseme nini? Nimedhulumiwa magendo yangu? Alikaa barazani mwaka mzima anatazama bahari.

Jambia60
EWAA. Huyu ndo kanielewa. Babu yako na mie kitu kimoja

mla_urojo
Babu alipoteza magunia manne, weye umepoteza kipete cha kwenye kioo, msijilinganishe 😂

Jambia60
Kipete?? Asilimia MBILI ya kutokosa!

kibatari_cha_kale
@mwana_wa_wete magunia manne ya wakati ule si mchezo, hiyo ni nyumba ya mabati

mwana_wa_wete
Nyumba na mke juu. Na usidhani sasa hivi ni raha. Wachumaji wanataka bei yao kwa pishi na wanavunja matawi, mkarafuu ukivunjwa tawi unakaa miaka unakununia. Halafu uanike, na mvua.

Bi_Hasira
Mvua usiniambie. Leo huku kwetu Chake imeshuka ghafla

Jambia60
Jamani tusihame mada. Nimeuliza, nipige tiketi ya malalamiko kwa Blizzard au nisipige? Kuna mtu ashapiga tiketi akapona?

nahodha_bila_tanga
Usipige. Lala.

mwana_wa_wete
Kwetu imeshuka pia! Majamvi mawili yangu yamelowa yote, karafuu zimetoka baka jeupe, hizo si daraja la kwanza tena hata ufanyeje. Na kinachoniuma si mvua. Kuna mtu wa jirani, hapa hapa uwanjani kwetu, kaliona wingu, katoka kaanua za kwake kimya kimya, kapita pembeni ya jamvi langu mie nimelala ndani, hakusema hata hodi. Nimemuuliza jioni, ananambia "nilidhani ushaanua."

Bi_Hasira
ALIDHANI USHAANUA na jamvi analiruka kwa mguu wake??

kibatari_cha_kale
Namjua huyo, si yule wa upande wa kisimani? Mwaka jana alimfanyia hivyo hivyo mjomba wangu

mwana_wa_wete
Huyo huyo!

dalali_mstaafu
Mtu kama huyo usimwitikie salamu. Hizo zenye baka lakini usizitupe, zitenge gunia lake, usichanganye na nzuri wasije wakakushushia daraja zote.

Bi_Hasira
Na zigeuze asubuhi mapema jua likitoka, usingoje saa nne